Niliulizwa Kuhusu Jogoo, Nikasema Hapana

Siku hiyo ndani ya kile chumba tulikuwa watu wanne. Mimi. Mdogo wangu wa kike, Makena. Mwalimu wake wa chuo kikuu, mama mwenye mvi na sauti ya chini, ambaye wanafunzi wote humwita Profesa. Na fundi wa mashine, mwanamume mnene aliyevaa kandambili kwa sababu viatu vya nje haviingii humo. Wa tano, kama unakubali kumhesabu, alikuwa kiumbe cha siku moja na nusu kilichotolewa ndani ya yai la kuku wangu, kikiwa kimelala kwenye kisahani kidogo, moyo wake ukijaribu kupiga.

Majina nimeyabadilisha. Kosa sijalibadilisha.

Nilidanganya mbele ya hao wote. Sikulewa, sikulazimishwa, sikuelewa vibaya. Niliulizwa swali rahisi kwa Kiswahili rahisi, nikajibu uongo.

Wewe unayesoma, usinihurumie bado. Ngoja nimalize.

Sisi tumezaliwa watatu, hapa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, Mama akamfuata mwaka uliofuata. Nilikuwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Niliweka daftari zangu kwenye gunia, nikalining'iniza darini, na kwa miaka mingi sikulishusha. Mdogo wangu Mwiti alikuwa darasa la sita, Makena darasa la pili. Mtu alihitajika nyumbani na mtu huyo alikuwa mimi. Sikulia. Mpaka leo watu huniuliza nilijisikiaje. Kulikuwa na sukuma wiki ya kumwagilia.

Mama alituachia shamba dogo, cherehani isiyoshona, na kuku.

Kuku hao si kuku wa hivi hivi. Mama alikuwa Mturkana wa upande wa Oldonyiro, na alipoolewa na Baba, ambaye ni Mmeru, alikuja na mitetea wawili na jogoo mmoja ndani ya kikapu. Wanawake wa ukoo wa Baba walicheka. Kuku wadogo, wembamba, shingo kama kamba! Lakini Februari ilipofika, mwezi ambao hapa kwetu mawe yenyewe huomba kivuli, kuku wa majirani waliatamia mayai yakaharibika, na kuku wa Mama walitotoa. Mwaka huo, na mwaka uliofuata, na miaka yote. Wanaatamia kichakani, saa saba mchana, mdomo wazi, na vifaranga wanatoka wazima.

"Hawa walizoea jua kabla yetu," Mama alikuwa akisema.

Makena alikuwa na miaka kumi aliponiuliza kwa nini. Nikamwambia, "Ni kuku wa Mama." Katika nyumba yetu hilo lilikuwa jibu la maswali mengi.

Yeye hakutosheka nalo. Alikwenda nalo sekondari, akaenda nalo chuo kikuu Nairobi, na aliporudi nyumbani Desemba moja akiwa anasomea shahada ya pili, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akamtazama mtetea mmoja saa nzima. Kisha akasema, "Kaka, nataka mayai ya huyu."

"Ya kukaanga?"

"Ya kusoma."

Mwiti, ambaye ni fundi wa pikipiki na hapendi maneno marefu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hiyo ya shule, umerudi kusoma yai!"

Akatueleza. Alisema kwamba yai likianza kupata joto, ndani yake kuna chembe ndogo sana, seli, ambazo huanza kutembea. Zinajipanga. Nyingine zinakwenda kuwa moyo, nyingine uti wa mgongo. Joto likizidi, zinapotea njia, na hapo ndipo vifaranga hufa kabla hata ya kuwa vifaranga. Alitaka kuona seli za kuku wa Mama zinafanya nini joto linapozidi.

"Ziko na miguu?" Mwiti akauliza.

"Hazina. Lakini zinatembea kukushinda wewe."

Tukajenga kizimba cha waya. Ndani tukaweka mitetea sita na jogoo wa Mama, yaani wa uzao wa yule wa kikapuni, tuliyemwita Chifu kwa sababu hakufanya kazi yoyote ila alitaka kusalimiwa. Makena alininunulia daftari. Akachora mistari: tarehe, mtetea, jogoo, saa ya kuokota. Yai likitagwa, niliweke mahali pa baridi upesi, juu ya mchanga uliolowa, ili seli zisianze safari mapema. Kisha nilifunge vizuri ndani ya vumbi la mbao na lipande gari la asubuhi la Nairobi.

"Na Kaka, sikiza," aliniambia akiwa amenishika mkono. "Ni mitetea wa Mama tu na jogoo wa Mama tu. Hilo usibadilishe. Mengine yote tukikosea, tutarekebisha."

Nilisikia. Naomba mlijue hilo. Nilisikia vizuri kabisa.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Hapa Isiolo mwanamume anapimwa kwa mifugo, na mimi nilikuwa natembea na trei ya mayai kama mtu abebaye mtoto. Guyo, rafiki yangu ambaye ana ngamia upande wa Garbatulla na duka hapa mjini, alikuwa akiniona tu anaanza. "Salaam aleikum, baba wa manyoya! Wanaume wanahesabu nundu, wewe unahesabu midomo!" Nilicheka. Nilikuwa na fahari, sitaficha. Mtu aliyeacha shule kidato cha kwanza, mayai yake yanasomwa na maprofesa.

Halafu Makena akapiga simu.

"Kaka, kati ya mayai kumi na mawili, saba hayana kitu."

"Hayana kitu vipi?"

"Hayana mbegu. Ni matupu. Nafikiri Chifu amezeeka. Usijali, tutumie hayo machache, nitangoja."

Alisema usijali. Lakini mimi niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Ilikuwa kama nimewaalika wageni wakubwa, nikawafunulia sufuria, na ndani hamna kitu. Nyumba ya Mama, mayai matupu! Usiku na mchana neno hilo lilinikaa: matupu.

Nikamwambia Guyo. Yeye anajua madume.

"Hata ngamia dume huzeeka, ndugu yangu. Tafuta mwingine."

"Makena amesema Chifu tu."

Guyo hakucheka safari hii. "Basi tafuta mwingine na umwambie. Ukibadilisha dume, umebadilisha boma. Hilo hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua. Mwambie msichana."

Nikasema nitamwambia.

Jirani yetu Mama Nkirote alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, wa ile mbegu iliyoboreshwa. Huku kwetu jogoo haazimwi kwa pesa. Unamchukua, na unapomrudisha unaongeza mtetea mmoja kati ya vifaranga wake wa kwanza. Mama Nkirote alinipa akicheka. "Mchukue, lakini anatembea kifua mbele kama askari jela. Mitetea wako wadogo watakimbia." Hawakukimbia.

Chifu nikamfungia katika jiko la zamani. Kila asubuhi aliwika humo gizani, na yule mwekundu akamjibu kutoka kizimbani.

Wiki tatu baadaye simu ililia. "Kaka! Kumi na moja kati ya kumi na mawili! Umewafanyia nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasikia furaha yake, nikasikia nyuma yake wenzake wakipiga makofi, nikasema, "Nimewabembeleza tu."

Na jioni hiyo nilipofungua daftari, kwenye mstari wa jogoo niliandika: Chifu. Kesho yake nikaandika: Chifu. Miezi mitano niliandika jina la jogoo aliyefungwa jikoni. Mwandiko wangu ni mzuri. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akiusifu.

Mwezi wa kwanza baada ya hapo, Makena alianza kupiga simu kidogo. Nikimuuliza, ananijibu, "Kazi tu." Mwezi wa pili akasema viinitete vinakufa. Kiinitete ndiyo hicho kiumbe cha ndani ya yai kabla hakijawa kifaranga. Vya kwanza, vya wakati wa Chifu, vilistahimili joto. Hivi vya sasa vilikuwa vinasambaratika. Anapandisha joto kidogo tu, seli zinapotea njia.

"Labda ni mashine," nikasema.

"Fundi ameipima. Iko sawa. Profesa anafikiri ni mikono yangu. Anasema labda ninavitoa kwenye yai kwa pupa."

Nami nikanyamaza. Hivyo tu. Nikanyamaza, nikaenda kufungulia maji shambani.

Baadaye Makena akaniambia kwamba Profesa angependa nije Nairobi, nione kazi ya mayai yangu. Nilidhani naheshimiwa. Nilinyoosha suti ya harusi ya Mwiti nikaivaa. Ikanibana mabega. Nikaenda.

Acha niwaeleze nilichoona, kwa sababu hata hicho nilikiharibu.

Chumba kilikuwa cha giza. Hadubini niliyoijua mimi ni ile ya picha kitabuni, unainama unachungulia kwa jicho moja. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa meza nzima, vioo na vyuma, na kompyuta pembeni. Makena akanieleza kwa lugha ya nyumbani. "Unakumbuka jikoni kwa Mama, jua likipenya kwenye tundu la bati? Ule mwanga mwembamba, vumbi linacheza ndani yake? Nje ya mwanga vumbi lipo ila hulioni."

"Nakumbuka."

"Basi ni huo. Mwanga unaingia kutoka ubavuni, mwembamba kuliko karatasi. Unakata kiinitete bila kukigusa. Kamera iko juu, inapiga picha ya kile kipande tu kilichoangazwa. Kisha mwanga unasogea kidogo, tena kidogo. Ukimulika chote kwa wakati mmoja utakichoma. Huu unamulika kidogo kidogo, ndiyo maana kinabaki hai."

Mimi hupima mayai kwa tochi. Naweka yai juu ya tochi na naona kivuli. Maisha yangu yote nilidhani hicho ndicho kilichomo ndani ya yai: kivuli.

Fundi akawasha. Kwenye kompyuta kukatokea nukta za kijani, maelfu. Wameweka rangi inayong'aa ili seli zionekane. Na zilikuwa zinatembea! Makena hakusema uongo. Zilikuja kutoka pande mbili, zikazunguka, zikakutana katikati na kushuka kwa mstari mmoja, kama mifugo inayoshuka kisimani wakati wa kiangazi, kila mmoja akijua zamu yake. Hiyo ilikuwa picha ya zamani, ya wakati wa Chifu.

Kisha wakanionyesha ya siku hiyo, kile kilichokuwa hai palepale kisahanini. Katikati palikuwa na kitu kidogo kinachoshtuka. Tik. Kinatulia. Tik.

"Huo ni moyo," Makena akasema.

Fundi akapandisha joto. Tukangoja. Muda ulikuwa mrefu, tukaletewa chai nje, tukarudi. Nukta zilikuwa zimeanza kutawanyika, kama mbuzi waliosikia fisi. Ile tik ikachelewa. Ikaja. Ikachelewa tena. Halafu sikuiona.

Makena alikuwa ameficha mikono kwenye makwapa. Nilidhani anasikia baridi.

Profesa akanigeukia. Hakuwa mkali. Alinipa heshima zote. "Kaka yake Makena," akasema, "tumekuita kwa sababu wewe ndiye unayewajua hao kuku kutuzidi sisi. Tafadhali fikiria. Kuna kitu chochote kilichobadilika huko nyumbani? Chakula? Maji? Jogoo?"

Alitaja jogoo! Kwa mdomo wake alilitaja, akanifungulia mlango mwenyewe, kilichobaki kilikuwa nipite.

Makena aliniangalia. Nikaona anaomba niseme ndiyo. Chochote, hata maji. Na mimi, kwa sababu nimevaa suti, kwa sababu nimeitwa anayejua, kwa sababu nilikuwa nimeandika Chifu miezi mitano kwa mwandiko mzuri, nikasema, "Hapana. Hakuna kilichobadilika."

"Una hakika?"

"Hakika."

Profesa akaandika. Makena akaangalia sakafu. Fundi akazima mwanga.

Sikusikia kitu. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka mwielewe. Watu hudhani mtu akidanganya hivyo moyo humpiga. Wangu haukupiga. Nilikunywa chai ya pili.

Mwezi uliofuata zamu ya Makena kwenye mashine ilipewa mwanafunzi mwingine. Hakufukuzwa. Aliambiwa apumzike, afanye mazoezi ya mikono, atarudi foleni. Mwaka mmoja, labda zaidi. Aliniambia kwa simu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kisha akaongeza, "Mikono yangu inaua, Kaka."

Na bado sikusema.

Alipokuwa karibu kuja nyumbani, mke wa Mwiti alikuwa amejifungua. Mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa Mama. Nilipojua Makena anakuja, nilimkumbuka Chifu jikoni. Angemsikia akiwika. Angeuliza kwa nini amefungwa. Yule mwekundu nilikwisha mrudisha kwa Mama Nkirote, na Chifu ningeweza tu kumrudisha kizimbani, ningekuwa nimemaliza. Lakini alikuwa amekonda, manyoya yamepukutika, mtu yeyote angejua kwamba hajaona jua kwa miezi. Makena angejua kabla hajatua begi.

Siku moja kabla ya yeye kufika, nikamchinja.

Jogoo wa mwisho wa damu ya kikapu cha Mama. Nilimshika, hakupigana. Ala! Hata kuwika hakuwika.

Nikampika. Mngeuliza kwa nini sikumzika au kumpa mbwa. Kwa sababu nyumbani kwetu chakula hakitupwi, na kwa sababu mgeni akija anachinjiwa. Mikono ilifanya ilichozoea.

Makena akala. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. "Kaka, nyama hii ni ngumu! Umeninunulia mzee wa kijiji?"

"Ni wa sokoni," nikasema.

Mwiti, ambaye alijua kila kitu kuhusu jogoo mwekundu na alidhani nilikwisha mwambia dada yetu zamani, aliangalia sahani yake, akaniangalia mimi, akaacha kutafuna.

Ndipo mke wa Mwiti akamleta mtoto. Akamnyooshea Makena. "Shangazi, mshike basi. Amekungoja."

Makena akarudi nyuma. Hatua mbili, mpaka akagusa ukuta. Mikono akaificha kwenye makwapa, kama siku ile.

"Sitaki kumshika," akasema. "Nitamuumiza."

"Utamuumizaje, wewe naye!"

"Mikono yangu si mizuri." Hakuwa analia. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Kila kitu kidogo nikikishika kinakufa."

Nilimwangalia msichana niliyemfundisha kukamua limau, kufunga viatu, kushika kalamu. Mikono ile nilikuwa nimeiosha mimi.

Nikasema, "Si mikono yako. Nilibadilisha jogoo."

Nikasema yote. Mayai matupu, Mama Nkirote, daftari, siku ya chumba cha giza. Nilisema kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Nilipofika kwa Chifu nikasimama.

Akauliza, "Chifu yuko wapi?"

Niliangalia meza.

Naye akaangalia meza. Akaangalia mifupa iliyokuwa pembeni mwa sahani yake, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo nimemla," akasema.

Mtoto akapiga chafya. Makena akainua mikono yake, akaigeuza, akaiangalia mbele na nyuma kama kitu alichookota njiani. Kisha akamwambia mke wa Mwiti, "Hebu nipe." Akamchukua mtoto, akatoka naye nje, akakaa juu ya ndoo ile ile kando ya kizimba mpaka jua likashuka.

Nilimfuata. Nikamuuliza kama ni jogoo aliyeviua vile viinitete.

"Sijui," akasema bila kunigeukia. "Labda ni yeye. Labda si yeye. Ungesema mapema, ningewapima kando, huyu na yule, ningejua. Lingeweza kuwa jibu lenyewe, Kaka. Hata kosa lako lingekuwa na kazi. Sasa hakuna anayejua kitu."

Hilo ndilo neno linalonirudia. Si kwamba alinitukana. Laiti angenitukana!

Kesho yake alinitaka niandike barua kwa Profesa kwa mkono wangu. Nilishusha lile gunia la darini nikatafuta karatasi. Panya walikuwa wamekula pembe za daftari zangu za kidato cha kwanza. Nikaandika: "Mimi, kaka yake Makena, nilidanganya mbele yako. Jogoo alibadilishwa na mimi. Jina lililoandikwa daftarini si la kweli kuanzia ukurasa wa tisa. Mikono ya Makena haina kosa ninalolijua." Barua fupi. Ilinichukua siku mbili.

Profesa alimjibu Makena, si mimi. Kazi ya miezi yote ile imewekwa kando, haitumiki. Foleni ya mashine haikurudishwa nyuma, kwa sababu mwenzake tayari ameshaanza, naye ana haki yake. Makena ataanza upya zamu yake ikifika.

Yeye alinitumia ujumbe mmoja tu. "Mayai arobaini na manane. Ukoo wa Mama, kuku na jogoo. Andika ukweli kwenye kila mstari, hata ukiwa mbaya."

Basi nikaenda Oldonyiro. Siku nne nilizunguka, vumbi mpaka kwenye meno, nikiuliza kwa ndugu za Mama ambao sikuwaona tangu mazishi. Kila boma linasema kuku hao walikuwapo zamani, siku hizi watu wameleta wakubwa. Mwishoni bibi mmoja, dada wa nyanya yangu, alinicheka. "Mwana wa binti yetu, umesahau kutuletea hata majani ya chai miaka hii yote, leo unakuja kutafuta jogoo?" Alikuwa na haki. Nikakaa kwake siku mbili, nikamtengenezea boma la mbuzi. Siku ya kuondoka akanipa kijogoo kidogo, shingo kama kamba, kilichokuwa bado hakijaota kilemba vizuri. "Huyu ni wa wale," akasema. "Nafikiri."

Nafikiri. Hilo nalo nimeliandika daftarini.

Kijogoo kimekua. Kimeanza kupanda mitetea, lakini mbegu zake bado ni chache. Kila yai nalipima kwa tochi kabla ya kulifunga. Makena aliniambia nisichague, nitume yote, hata matupu, na niandike kwamba ni matupu. Natuma. Siku ambayo mtetea mmoja alitoroka kizimbani nusu saa, niliandika: alitoroka, sijui alikutana na nani, yai hili lisihesabiwe. Lisihesabiwe! Nilikuwa nimelisubiri wiki nzima.

Nawe unayesoma, huenda huna kuku. Una dawa ya mgonjwa unayempa kwa saa zake, au vipimo unavyojaza fomu, au daftari la kitu ambacho mtu mwingine ataamini. Utakosea, kila mtu hukosea. Mtu akikuuliza kama kuna kilichobadilika, mwambie saa hiyo hiyo, hata kama umevaa suti. Ukimwacha aondoke na hapana yako, atakwenda kutafuta kosa ndani ya mikono yake mwenyewe, na atalikuta.

Makena hupiga simu Jumapili. Anazungumza na Mwiti, anamsikiliza mtoto akilia, kisha anasema nipewe simu. Ananiuliza jambo moja tu.

"Ni ngapi sasa, Kaka?"

Jumapili iliyopita nilimwambia, tisa.

"Basi bado thelathini na tisa," akasema, akakata.